Mto wa Tana na Mto wa Kiti: Historia ya Viti vya Magari Makongwe katika Nchi ya Garsen

Neno mto katika Kiswahili lina maana mbili, na katika nchi ya Garsen maana hizo zimegongana mara nyingi: mto wa maji, ambao hapo ni Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na mto wa kukalia, yaani mfuko wa kitambaa au ngozi uliojazwa kitu laini ili mwili usiumie. Historia inayofuatiliwa hapa ni ya mto huo wa pili, ule uliokuwa ndani ya magari makongwe ya kwendea njia mbovu, hasa Land Rover zilizoundwa kati ya 1948 na 1985 pamoja na Toyota Land Cruiser za kizazi cha awali. Mto wa kwanza, kwa mafuriko yake, tope lake na unyevu wa bonde lake, uliwalazimisha wenye magari hayo kufumua viti na kuvishona upya mara nyingi kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Injini, giaboksi na ekseli ziliendelea kuagizwa kutoka ng'ambo, au kunyofolewa kutoka gari jingine lililokufa, lakini kiti kiliweza kuundwa na mtu aliyekuwa na kisu, sindano, gundi na cherehani, na kwa sababu hiyo kikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo za gari la kigeni kuingia mikononi mwa mafundi wa Pwani na kutoka humo kikiwa kitu kingine.

Garsen, pamoja na Minjila iliyo jirani yake, ni njia panda ya Pwani ya kaskazini. Kusini iko barabara ya Malindi, mwendo wa takriban kilomita 110. Kaskazini iko ile inayoufuata mto hadi Hola na Garissa. Na mashariki iko inayokwenda Witu na Mokowe, mahali pa kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu. Ardhi ya delta, yaani nchi tambarare ambamo mto hugawanyika matawi kabla ya kuingia baharini karibu na Kipini, ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hunata kwenye gurudumu mpaka lisionekane lilipoanzia. Wapokomo wamelima mpunga, migomba na miembe kwenye kingo za mto, Waorma na Wawardei wamelisha ng'ombe kwenye mbuga zake, na wote wamepanga mwaka wao kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji. Kwa muda mrefu chombo cha kutegemewa kilikuwa mtumbwi wa gogo. Mwaka 1891 afisa wa majini wa Uingereza, F. G. Dundas, aliipandisha Tana meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, lakini mafungu ya mchanga na mizingo ya mto haikuuruhusu usafiri huo kuwa wa kawaida, na mtumbwi ukabaki na enzi yake. Hata barabara ilipokuja, gari lilisimama Garsen kungoja kivuko, yaani pantoni ya kulivusha upande wa pili, na mto ukivimba kivuko nacho kilisimama.

Ni kosa kudhani kwamba elimu ya kutengeneza kiti ililetwa Pwani pamoja na gari. Katika karne ya 19 mafundi wa visiwa vya Lamu na Pate walikuwa wakiunda kiti cha enzi, kiti kirefu cha mpingo kilichopambwa kwa vipande vya pembe za ndovu, ambacho mahali pa kukalia na pa kuegemea paliwambwa kwa nyuzi zilizosukwa, na uwambaji huo ulikuwa na hesabu yake: uzi ukilegea kiti hushuka kama machela, ukikazwa kupita kiasi huvuta fremu na kuifungua viungo. Vitanda viliwambwa vivyo hivyo kwa kamba za miaa, ambayo ni majani makavu ya mkoma na jamaa zake yaliyochanwa membamba, na miongoni mwa wafugaji kwa kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe, ambazo hufungwa zikiwa bado na maji ili zikikauka zijikaze zenyewe kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuzikaza.

Vitu vya kujaza navyo vilijulikana. Sufi, pamba nyepesi itokayo katika maganda ya msufi, ilijazwa kwenye mito ya kulalia kwa sababu ni laini na haishiki maji upesi, ila huvunjika na kuwa vumbi ikikaliwa sana. Usumba, yaani nyuzinyuzi za makumbi ya nazi, ulikuwa kinyume chake: makumbi yalifukiwa katika mchanga wa ufuoni kwa miezi kadhaa hadi nyama yake ikaoza, kisha yakapigwa kwa rungu mpaka zikabaki nyuzi ngumu zinazonyumbuka, zisizooza kwa urahisi na zisizolala hata zikikaliwa mchana kutwa. Kutoka kwa washonaji wa matanga ya majahazi ilipatikana elimu ya tatu, ambayo ni kushona kitambaa kizito kwa shazia, sindano kubwa ya magunia, na uzi uliopakwa nta, kwa mshono unaokunja ncha ya kitambaa mara mbili ili upepo na maji visipate mahali pa kuanzia kuchana. Fundi anayeshona leo kava la turubai la gari anarudia mkunjo uleule, ajue asijue.

Land Rover yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa gari la mkulima wa Uingereza ambaye nchi yake ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kibali, ndiyo maana bodi yake iliundwa kwa aluminiamu. Viti vyake vilifuata ubahili huohuo. Mbele paliwekwa sanduku la bati la aluminiamu lililokata gari upande hadi upande, na juu yake ikawekwa mito mitatu iliyoweza kuinuliwa kwa mkono, ile ya dereva na abiria pembeni na mmoja mwembamba katikati, kila mmoja na mgongo wake mfupi unaolala mbele. Katika mengi ya magari hayo tangi la mafuta lilikuwa chini ya kiti cha kulia, maana yake ni kwamba katika Kenya, ambako usukani uko kulia, dereva alikalia petroli yake. Nyuma palikuwa na mabenchi ya ubavuni, abiria wakitazamana huku magoti yakigusana, isipokuwa katika gari refu la inchi 109, urefu uliohesabiwa kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma, ambalo lilipofungwa madirisha na kuwa gari la abiria lilipata safu ya pili inayotazama mbele na kubeba watu 10, au 12 kwa mpangilio mwingine.

Jambo moja la kiufundi lapasa kuelezwa hapa kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyofuata inatokana nalo. Hadi 1983, ilipotolewa One Ten yenye springi za koili, yaani chuma kilichoviringwa kama skrubu, Land Rover ilitumia springi za bapa, vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kukazwa pamoja, ambavyo hubeba mzigo vizuri lakini humrusha mtu katika kila shimo gari likiwa tupu. Kazi ambayo springi haikuifanya iliangukia mto wa kiti, na mto huo ulikuwa sponji tu iliyovikwa reksini. Reksini, jina la biashara la Kiingereza ambalo limekwisha kuwa neno la kawaida kwa mafundi wa Afrika Mashariki kama lilivyokuwa kwa wale wa Bara Hindi, ni kitambaa cha pamba kilichopakwa utando wa kufanana na ngozi, zamani wa selulosi na baadaye wa plastiki. Land Rover za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilikuwa na reksini ya kijivu yenye mikunjo midogo iliyoitwa na wauzaji ngozi ya tembo, kejeli isiyokusudiwa katika nchi ya Tana, ambako tembo wa kweli walikuwa wakipungua kwa ujangili na ambako Serikali ya Kenya ilikuja kupiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977.

Kejeli nyingine iko katika sponji. Mpira wa povu ulibuniwa katika viwanda vya Dunlop vya Uingereza mwaka 1929, na sponji ya kemikali inayotumika leo ilitokana na utafiti ulioanza Ujerumani mwaka 1937 na kuenea katika viti baada ya vita; lakini katika kipindi cha kati magari mengi ya Ulaya, likiwemo Volkswagen dogo la mgongo wa kobe, yalijazwa nyuzi za nazi au singa za farasi zilizonyunyiziwa utomvu wa mpira. Usumba wa nchi za joto ulisafiri hivyo hadi Ulaya, ukarudi ukiwa ndani ya kiti kilicholipiwa ushuru.

Katika bonde la Tana magari haya yaliingia kwa mlango wa utawala, misheni na miradi. Wamisheni wa Kijerumani wa Neukirchen walikuwa Ngao na Wamethodisti wa Kiingereza walikuwa Golbanti tangu miaka ya 1880, wakisafiri kwa mtumbwi na kwa miguu kama wenyeji wao. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 Hola ikawa mahali pa kambi ya wafungwa wa kisiasa na pa skimu ya umwagiliaji iliyochimbwa kwa mikono yao, na jina lake likajulikana duniani baada ya wafungwa 11 kuuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959. Gari la ofisa, la polisi, la daktari wa mifugo na la mhandisi wa mifereji lilikuwa kwa kawaida la aina moja, na mafuriko makubwa ya 1961, yaliyofunika bonde na kukata barabara, yalithibitisha kwamba hata gari hilo lilikuwa na kikomo. Baada ya uhuru vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 vilileta kanuni za dharura ambazo mwaka 1966 zilizihusisha pia wilaya za Tana River na Lamu, na kwa hiyo magari ya ulinzi yakazidi.

Kiti kilikufa kabla ya gari, na kilikufa kwa njia zinazotambulika. Jua lilikausha plastiki ya reksini mpaka ikapasuka kwenye mshono wa mbele, mahali ambapo paja la dereva husugua kila anapopanda na kushuka. Vumbi jembamba la udongo mweusi liliingia kwenye ufa huo na kukaa ndani ya sponji likifanya kazi ya msasa, hivyo kwamba kila mtikiso ulisaga sponji kutoka ndani na dereva aliyesimama aliacha nyuma yake unga wa njano sakafuni. Halafu yakaja maji: gari lililovuka laga, yaani korongo la msimu, maji yakifika kwenye sanduku la kiti, lilitoka na mito iliyolowa, na katika hewa nzito ya delta mto uliolowa haukukauka bali ulioza, ukatoa harufu, ukaozesha na ubao uliokuwa chini yake. Panya walimalizia. Wenye magari walitandika leso, shuka, mkeka au kipande cha ngozi juu ya kiti kilichochakaa, tiba iliyotosha kwa muda, na kwa kweli bora kuliko reksini yenyewe wakati wa joto, kwa kuwa reksini haipumui na hushika mgongo wa mtu kwa jasho.

Aliyetafuta tiba ya kudumu alikwenda Malindi au Mombasa. Katika miji ya Pwani ushonaji wa viti vya magari ulianza kama tawi la karakana za Wahindi waliotengeneza makochi, magodoro, mahema na bodi za malori, ambamo vijana wa Kiafrika waliajiriwa kufumua, kupiga gundi na kushikilia, na kwa kushikilia miaka kadhaa wakajua kukata. Kenneth King, mwanazuoni aliyechunguza ufundi wa Kenya na kutoa kitabu chake juu ya fundi wa Kiafrika mwaka 1977, alieleza jinsi ujuzi wa aina hiyo ulivyohama kutoka karakana za Wahindi hadi kwenye vibanda vya Waafrika bila kupita shuleni. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu ajira nchini Kenya iliipa sekta hiyo ya vibanda heshima ya kuandikwa, na katika miaka ya 1980 jina la jua kali, ambalo mafundi walijiita kwa sababu walifanyia kazi mahali pasipo na paa, likawa neno la serikali. Mji mdogo kama Garsen haukuhitaji karakana kamili ili uwe na fundi viti. Ulihitaji mshonaji wa nguo mwenye cherehani ya kukanyaga, mchomeleaji wa vyuma, na muuza magodoro, watu watatu ambao katika soko lolote huwa hawakai mbali.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mnada. Skimu ya Bura, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, pamoja na miradi ya mpunga ya delta iliyoifuata, ilileta bondeni magari ya kazi. Na magari ya serikali yenye namba za GK yalipochakaa yalipigwa mnada na kununuliwa na wafanyabiashara. Tamko la Rais Jomo Kenyatta la 1973 lilikuwa limekwisha kuruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na gari lililojengwa kubeba ofisa mmoja na masanduku yake likawa na sababu ya kubeba watu wengi iwezekanavyo. Hapo kiti kikabadilika umbo. Mito ya kiwandani iling'olewa, mabenchi marefu ya chuma cha mraba yakachomelewa kwenye sakafu, urefu wa mgongo ukapunguzwa ili mizigo ipite juu, na upana wa makalio ya mtu mmoja ukakadiriwa kwa ukali ambao abiria wa njia hizo hawajausahau. Kiwanda cha Thika kilichokuwa kikiunganisha Land Rover kutokana na vipande vilivyoletwa kutoka Uingereza nacho kilitakiwa kutumia baadhi ya vifaa vya nchini, vikiwemo vitambaa na sponji za viti, kwa hiyo hata gari jipya la wakati huo lilikuwa na kiti cha Kenya tangu siku yake ya kwanza.

Usalama ulileta umbo jingine. Katika miaka ya 1990 magari ya abiria kati ya Garsen na Lamu yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na polisi wenye silaha, na baada ya mashambulizi ya 2014 ya Mpeketoni na Gamba utaratibu huo ukarudi. Askari aliyeketi kwenye benchi la ubavuni akitazama wenzake huwa ameupa msitu mgongo wake. Ndiyo sababu katika magari mengi ya doria benchi huwekwa katikati ya karai la nyuma, askari wakipeana migongo na kutazama nje, kiti kikiwa kimepangwa kwa ajili ya macho kabla ya starehe. Upande wa juu wa mto, huko Kora, George Adamson, aliyelea simba na kuwarudisha porini, aliuawa tarehe 20 Agosti 1989 akiwa ameliendesha Land Rover lake kuwakabili majambazi waliokuwa wamemvamia mgeni wake. Kifo hicho ni ukumbusho kwamba aliyekalia viti hivi mara nyingi hakuwa na kinga nyingine zaidi ya bati la aluminiamu. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mwezi Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, zilizomtaka kila abiria wa matatu awe na kiti chenye mkanda, zilifanya benchi la kubanana kuwa kosa, na mafundi wakarudi kuunda kiti cha mtu mmoja mmoja, safari hii kikiwa na mahali pa kufungia mkanda kwenye chuma cha gari na wala si kwenye ubao.

Namna kiti cha gari kongwe kinavyoundwa leo yafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndani ya kazi hiyo historia yote iliyotajwa bado inaonekana. Fundi huanza kwa kufumua kava la zamani mshono kwa mshono badala ya kulichana, maana vipande vyake, hata vikiwa vimepasuka, ndivyo pateni, yaani vielelezo vya kukatia vipande vipya, na humo hujua mahali ambapo kitambaa kilivutika na mahali kilipopungua. Fremu husuguliwa kutu, hupigwa msasa na kuchomelewa palipooza. Kitako hukatwa kwa plaiwudi nene, ambayo hupakwa rangi ya mafuta pande zote mbili na hasa kwenye kingo, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa ukingo wake kama utambi unavyonywa mafuta. Kiti chenye springi hutandikwa kwanza gunia la katani, ambalo kazi yake ni kuzuia waya usikate sponji; fundi mvivu huliacha gunia, na kiti chake hurudi kabla ya mwaka.

Sponji ndiyo inayomtofautisha fundi na mshonaji. Ile laini ya godoro la bei nafuu humpendeza mteja dukani na humwangusha barabarani, kwani baada ya wiki chache hulala bapa na mifupa ya makalio ikakutana na ubao. Anayejua hutumia tabaka mbili: chini sponji ngumu, ile inayouzwa kwa jina la hevi duti, au ile iliyobanwa kutokana na mabaki yaliyosagwa, na juu nyembamba laini. Hapa huja hesabu ambayo Land Rover haisamehi. Nafasi kati ya usukani na mapaja ni ndogo, na kati ya kichwa na paa si kubwa, hivyo sponji ikizidi inchi moja dereva mrefu hugusa usukani kwa magoti na kugonga paa kwa kichwa kila ashukapo shimoni; ikipungua inchi moja dereva mfupi huendesha akichungulia juu ya boneti. Mgongo nao hauwezi kunenepeshwa, kwa kuwa nyuma yake kuna ukuta wa bati unaozuia kiti kurudi nyuma. Baadhi ya wenye magari huomba viti vya magari mapya ya Kijapani vilivyotolewa kwenye magari ya ajali, ambavyo ni laini na vina reli za kusogezea. Lakini huwa virefu mno kwa sanduku la Land Rover, na kulikata sanduku ili viingie ni kuigusa nafasi ya tangi lililo chini yake, jambo ambalo fundi mwenye busara hulikataa hata akiongezwa malipo.

Kava hukatwa kwa vipande vitatu vikuu, uso, ubavu na mdomo wa mbele, na kati yake hushonwa paipingi, uzi mnene uliovikwa utepe wa reksini, ambao watu hudhani ni pambo ilhali kazi yake ni kupokea msuguano badala ya mshono. Mshono wenyewe lazima uwe wa hatua ndefu. Aliyezoea kushona kanzu hupenda hatua fupi, lakini tundu za sindano zikikaribiana sana katika reksini huwa kama zile za stempu, na kava hupasuka kwa kufuata mstari mnyoofu. Cherehani nyepesi hukwama kwa sababu utando wa plastiki hushika mguu wa mashine, na dawa yake ni poda au tone la mafuta. Kava likiisha huanikwa juani nusu saa, kwa kuwa reksini ya moto huvutika na ya baridi hupasuka. Katika nchi nyingine fundi hutumia mashine ya hewa moto kwa kazi hiyo, gharama ambayo jua la Garsen linamsamehe mwenye kazi. Sponji huzungushiwa nailoni nyembamba ili kava liteleze juu yake, kisha kava huvutwa kutoka katikati kuelekea pembe na kupigwa stepo chini ya plaiwudi.

Thamani ya viti hivi imebadilika kwa sababu magari yenyewe hayaongezeki. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Land Rover za zamani zilizobaki nchini ni zilezile, zikizunguka kutoka mkono hadi mkono, huku Land Cruiser ikiwa imechukua kazi ya serikali na ya mashirika. Kilifi ilipata daraja mwaka 1991, njia ya Garsen hadi Lamu ikawekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2020 pamoja na mradi wa bandari ya Lamu, na gari lililokuwa la lazima likawa la hiari. Hamu ya kulitunza imekua kwa kiasi hichohicho: mwezi Oktoba 2024 Arusha ilikuwa na tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari, na viwanda vidogo vya Uingereza huuza seti za viti vya kunakili, pamoja na ile reksini ya kijivu ya ngozi ya tembo, kwa yeyote anayetaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Hamu hiyo ina haki yake, lakini neno asilia hutumika humo kwa ulegevu. Gari lililokaa Kiwanda cha Solihull wiki chache na bonde la Tana miaka 50 lina asili zaidi ya moja, na kiti kilichoundwa upya mara 4 na mafundi wa Pwani ni ushahidi wa maisha yake kuliko kile kilicholetwa ndani ya boksi.

Wateja wa kanda ya mto, kwa upande wao, huuliza jambo ambalo seti ya boksi haikulitarajia. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na yale ya 2018, yalikata njia zilezile zilizokuwa zimekatwa mwaka 1961, na lami haikuondoa korongo wala tope la njia za vijijini, kuanzia Ngao hadi Ozi. Kwa hiyo kabla ya kitako kuvikwa sponji fundi hukigeuza, hupima kutoka pembe na kutoboa mashimo manne au sita ya upana wa kidole, halafu hupiga mengine madogo kwenye ubavu wa kava, upande wa nyuma usioonekana, na kuyavika pete za bati. Pete za ubavuni ni za kupumulia, ili mtu akikaa hewa itoke badala ya kupasua mshono. Mashimo ya kitako ni ya maji, ili mto ukiingia ndani ya mto upate pa kutokea.